Maji ya Kunawa ya Kaka

Meli ya watalii ambayo kaka yangu ni mpishi wake ilifika Durban asubuhi, na ingeondoka jioni ileile. Mama alipika ugali na sombe, yale majani ya muhogo, akatukataza mimi na wadogo zangu kugusa chakula mpaka kaka, mgeni wetu, anawe kwanza. Mimi nikatumwa bandarini kumleta nyumbani, mtaa wa Umbilo.

Kaka alitoka na wenzake wa melini. "Tutembee kwanza, mdogo wangu. Hawa wanataka kuona mji."

Tukatembea kwa miguu mchana kutwa. Ufukweni walipiga picha, sokoni wakanunua shanga. Mimi ndiye niliyewaonyesha njia. Kila mara nilitaka kusema kwamba mama anangoja, lakini mbele ya wageni niliona haya, nikaendelea kuongoza njia. Mwishowe tulisimama kwenye roboti, zile taa za kuongozea magari, ya barabara yetu, ikiwa nyekundu, nikanyoosha kidole.

"Nyumbani ni pale, kaka. Ghorofa ile yenye nguo dirishani."

Akaitazama. "Eish, imechakaa. Nitawapelekaje hawa pale? Mwambie mama kazi imenizuia."

Nikawarudisha bandarini. Pale getini alinivua kofia yangu, akanivisha yake ya meli.

Nilipofungua mlango, mama alikuwa ameshika jagi na beseni. Alichungulia ngazini, nyuma yangu.

"Kazi imemzuia," nikasema.

"Nilikuwa dirishani," mama akajibu. "Vua hiyo kofia, ulete mikono. Wadogo zako wana njaa."

Akanimiminia maji.