Bustani ya Mzee Povu

Ofisini walimwita Povu, si mbele yake lakini. Jina hilo lilimpata ujanani, alipokuwa akipiga picha za matangazo ya maziwa kwa kutumia gundi nyeupe na povu la sabuni, kwa kuwa maziwa yenyewe, alisema, hayakufanana na maziwa. Kuku wa tangazo alipakwa rangi ya viatu. Familia yenye furaha ilikuwa watu wanne waliojuana asubuhi hiyo kwenye ngazi. Kwa kipaji hicho alipanda hadi ghorofa ya juu, akawa mkurugenzi, akaota kitambi cha heshima.

Upendo kwa umma ulimjia kama kisukari: ukubwani, na baada ya kujipima. Alijipima na jirani yake mwenye benki, ambaye barabara ilikuwa imepewa jina lake. Povu alinuna wiki nzima. Kisha akaiona bustani ya manispaa iliyogeuka jaa, akaifufua kwa nyasi, mabenchi, ukuta na lango la chuma. Lango likatiwa kufuli ili nyasi zisikanyagwe kabla ya picha. Picha zikapigwa. Kufuli likabaki.

Manispaa ilikubali kuiita bustani kwa jina lake, mradi wakazi wa mtaa waseme ndiyo mkutanoni. Mtu mwingine angewabishia hodi majirani. Povu aliwaleta watu wake wa siku zote, wale wa kuchekelea dawa ya meno matangazoni, akawavalisha nguo zilizopauka na kuwajaza ukumbini mapema. Wakazi wenyewe walikuta viti vimekwisha, wakabanana madirishani. Aliyepata kiti ni dada yake tu, muuguzi mstaafu aliyeishi mkabala na bustani.

“Umewaokota wapi hawa?” alimnong’oneza.

“Wakazi, dada.”

“Wakazi wa wapi? Yule si ndiye anayepiga chafya kwenye televisheni?”

“Amepona.”

Povu akahutubu kwamba hakufanya yote yale kwa ajili ya jina. Makofi yalikuwa mazuri, yakakatika kwa pamoja kama bomba lililofungwa. Mwenyekiti, aliyekuwa na njaa na hakupenda hotuba, akasema, “Wanaoishi mtaa huu wanyooshe mikono.”

Ukumbi mzima ukamgeukia Povu. Walikuwa watu wenye nidhamu, hawafanyi lolote bila kuelekezwa. Povu, jasho likimtiririka, akajikuna sikio. Bahati mbaya hiyo ndiyo ilikuwa ishara ya makofi. Wakapiga makofi.

Mikono ikaonekana madirishani, na mmoja mstari wa mbele.

“Mimi naishi hapa,” alisema dada yake, akisimama. “Jina sina neno nalo. Mwandikeni hata mara mbili. Ila afungue lango, tukae.”

“Afungue!” wakadakia wa madirishani.

“Basi mzee,” mwenyekiti akasema, “ukifungua leo, kesho jina linapanda. Unasemaje?”

Lilikuwa swali la kujibiwa kwa neno moja. Lakini Povu aliwaza maganda ya karanga. Aliwaza mtu amelala kwenye benchi kinywa wazi, chini ya jina lake. Maisha yake yote alikuwa akiwapa watu picha ya kitu, na hakuna aliyewahi kumdai kitu chenyewe.

“Tungoje kidogo,” alisema. “Nyasi zikomae.”

“Zikomae uzioe?” dada yake akauliza.

Waliokodiwa wakaangua kicheko, na kwa mara ya kwanza hakikuwa cha dawa ya meno. Mwenyekiti akafunga mkutano, akaifuta hoja ya jina na kutuma fundi akakate kufuli. Jioni hiyo dada mtu alikuwa benchini, viatu kavua, miguu nyasini.

Bustani haina jina mpaka leo. Povu huwaambia wageni wake kwamba alilikataa mwenyewe. Wageni huinamisha kichwa kwa heshima, na la kusikitisha ni kwamba hasemi uongo.