Mashine Nyepesi ya Papa Aurélie

Mume wangu Cyprien, ambaye mtaa mzima unamwita Papa Aurélie kwa jina la binti yetu, haamini mtu. Ukimpa sukari ananusa kwanza. Mimi mke wake wa miaka arobaini ananiamini siku mbili kwa juma, na hazijulikani ni zipi.

Mwezi uliopita alivuta kamba ya kuwashia mashine yake ya kukata majani, zigo la chuma analolisukuma tangu Aurélie akiwa tumboni. Bega likateguka. Majani ya Kisangani hayangoji bega lipone. Mvua mbili tu yakatufika magotini. Nikamwambia tutafute mashine nyepesi. Akaniuliza nani amenituma.

Tukaenda dukani kwa Lambert, karibu na soko kuu. Lambert akainua mashine kwa mkono mmoja, akaisifu mpaka mate yakamkauka. Kizuri chajiuza, na mume wangu methali hiyo anaijua.

“Juu ya nini iko nyepesi hivi? Ndani mulitosha nini?” akauliza, kama vile kuna chuma kilichotolewa humo.

“Hakuna, papa. Walitengeneza hivi juu ya wazee.”

“Muzee iko wapi hapa?” Akageuka kwangu. “Bon, Mama Aurélie, vuta wewe.”

Nikavuta mara moja. Ikawaka. Akaitazama, akanitazama mimi, kisha akatoka dukani bila kuaga.

Njiani alisema mashine ya namna hiyo hata mwizi ataiwasha. Tulipofika nyumbani akakaa kibarazani, akasema polepole, “Kama wewe unaiwasha, mimi niko wa nini hapa?” Roho iliniuma. Ile kauli haikuwa ya mashine.

Ijumaa Aurélie akatuletea mashine ileile. Baba yake akasema, “Muko na mupango, nyinyi wawili,” na hakuigusa.

Kesho yake asubuhi niliitoa mwenyewe. Nikavuta, nikasukuma moja kwa moja mpaka kwenye sinda yake, yale majani yenye harufu ya ndimu anayochemsha kila siku kabla hajasema na mtu. Nusu ya shina ikaenda.

“Mama Aurélie, simama! Ile iko sinda.”

“Ah bon? Niliona ni majani tu.”

Akateremka kibarazani, akaninyang'anya mpini. Mashine ilikuwa imezimika. Akavuta kwa mkono mzima, mara moja. Alikata uwanja wote, akavuka mpaka upande wa jirani yetu Khadija, ambaye hakuwa amemwomba. Alirudi ana jasho, akasema mashine hii ina hila, inataka mtu anayeijua.

Sinda imeanza kuchipua. Kila akinywa chai ananitazama kwa jicho la pembeni, ananiuliza kama kweli siku ile nilikosea. Namjibu nilikosea. Haniamini, na safari hii ana haki.