Nani Atatuchimbia Kaburi

Siku tulipomzika mwanangu, shemeji yangu alisoma wasifu wa marehemu kama ilivyo desturi: alipozaliwa, aliposoma, kazi aliyoifanya, ugonjwa uliomwondoa. Alipofika kwenye ugonjwa alisoma kwamba kijana aliugua ghafla. Nilikuwa nimekaa mkekani pamoja na akina mama wa kikundi chetu cha kuzikana. Nikasimama.

"Hakuugua ghafla," nilisema. "Ameuawa na vidonge vya maumivu. Naomba isomwe hivyo."

Mchungaji akatazama viatu vyake. Mama aliyekaa karibu yangu akanishika gauni, akanivuta taratibu. "Kaa, waitu," akasema, akinibembeleza kwa Kihaya. "Kaa mwalimu." Mama huyo ana duka la dawa barabarani, hapa kwetu Kibeta. Siku ile sikujua kwamba ndiye aliyekuwa akimuuzia mwanangu vidonge hivyo. Waliokuja kuniambia, matanga yakiwa bado hayajaisha, ni madereva wa bodaboda wa Miembeni, waliofanya kazi na marehemu.

Watu wengi huniuliza kijana mzima anakufaje kwa dawa ya hospitali, kwa hiyo nitaeleza taratibu. Pikipiki yake iliteleza kwenye mteremko siku ya mvua, mguu ukavunjika. Katika kituo kimoja cha afya walimfunga plasta na kumpa tramadoli. Sina ugomvi na dawa hiyo ikiwa mahali pake. Mtu mwenye mfupa uliovunjika asiogope kuinywa kwa siku chache. Shida ni kwamba kila aliporudi kituoni aliandikiwa nyingine, na kalamu ilitangulia maswali. Mguu ulipona, akarudi kazini, dawa ikaendelea.

Dawa hii haiungi mfupa. Kazi yake ni kuuambia ubongo usisikie maumivu. Ukiambiwa hivyo kila siku, ubongo nao hujirekebisha, na baada ya muda unahitaji vidonge viwili kufanya kazi iliyofanywa na kimoja. Ukiviacha ghafla unatokwa jasho, unatetemeka, unaharisha, na mifupa yote inauma, hata ile ambayo haijawahi kuvunjika. Ndiyo maana kumwambia mtu wa namna hiyo "acha tu" ni kama kumwambia mwenye homa aache kuwa wa moto. Na vidonge vikizidi, hasa vikikutana na pombe, ubongo unaacha kuamrisha lile jambo tunalolifanya bila kufikiri, yaani kuvuta pumzi.

Mwanangu alirudi mchana kutoka kwenye sherehe ya harusi alikokunywa rubisi, pombe yetu ya ndizi. Akajilaza kwenye kochi, akaanza kukoroma kwa sauti nzito yenye vituo. Nyumbani tulidhani ni uchovu. Ukimsikia mtu anakoroma hivyo, na ukimtikisa haamki, usimfunike shuka. Mkimbize hospitali. Hilo ningependa kila mzazi alijue kabla ya kusoma mengine yote.

Matanga yalipoisha nilikwenda dukani.

"Karibu mwalimu. Pole tena," alisema yule mama.

"Asante. Nimekuja kuuliza. Mwanangu alikuwa ananunua tramadoli hapa?"

Akaanza kupanga upya paketi za panadoli zilizokuwa zimekwisha kupangwa. "Vijana wengi wananunua. Wanasema migongo inawauma."

"Wanakuja na cheti cha daktari?"

"Cheti! Mwalimu, wewe dawa ya mafua uliinunua hapa kwa cheti?"

"Hii si ya mafua. Duka kama hili haliruhusiwi hata kuiweka."

"Nikiwanyima wanavuka barabara. Afadhali wanunue kwangu ninayewafahamu." Kisha sauti yake ikashuka. "Nilimuuzia, lakini nilimwambia apunguze. Haki ya Mungu, nilimwambia."

"Na sasa bado unaiuza?"

Dereva mmoja wa bodaboda mwenye ndevu aliingia kwa haraka, akaniona, akasimama kama mwanafunzi aliyechelewa. Akaomba pipi ya kifua, akaondoka bila kungoja chenji. Nikawa nimepata jibu.

Nilikwenda kwa mkaguzi wa dawa, na yeye akanipeleka polisi kuandika maelezo. Walipopekua stoo ya duka, walikuta maboksi ya tramadoli chini ya magunia ya mkaa. Walimkamata yule mama, na baadaye mwanamume aliyekuwa akimletea mzigo kutoka mpakani. Wote wawili wakapata dhamana. Kituo cha afya nacho nilikiandikia, na jibu lao lilikuwa la upole: watoa huduma wamekumbushwa. Nani alikumbushwa, na alikumbushwa nini, sikuambiwa.

Mwendesha mashtaka alinieleza hali bila kunificha. Madereva wa Miembeni waliogopa kutoa ushahidi. Mwenye duka alikuwa anasema maboksi si yake, aliwekewa tu. Maneno aliyoniambia pale kaunta, kwamba alimuuzia na akamwambia apunguze, yalikuwa nguzo ya kesi. Nisipokuja kuyasema mahakamani, kesi ingeanguka.

Hapo ndipo kikundi kiliponiita.

Kwa asiye wa huku, kikundi cha kuzikana si jambo la hiari sana. Ukifiwa, kikundi kinakuja na kuni, maji, ndizi na sufuria, wanaume wanachimba kaburi, wanawake wanapika, nawe unaachiwa kazi moja tu ya kulia. Sheria yetu inasema wanachama wasipelekane polisi kabla ya kikundi kukaa. Mimi nilikwenda moja kwa moja. Nilijua kwamba tungekaa, tungepatanishwa, tungekunywa chai, na maboksi yangehamishiwa kwenye stoo nyingine.

Tulikutana uani kwa mwenyekiti, mama mtu mzima anayeheshimiwa na Walutheri na Waislamu sawasawa. Mwenye duka alikaa pembeni, amejifunika kitenge hadi puani.

"Mwalimu," mwenyekiti alianza, "ulipofiwa nani alikumenyea ndizi?"

"Ni ninyi."

"Na huyu alikuwemo?"

"Alikuwemo. Alimenya kuliko wote."

"Sasa mtu aliyekumenyea ndizi ndiye unayempeleka jela?"

"Mwalimu amezoea kuchapa," mmoja akadakia kutoka nyuma. "Watoto hawamtoshi, sasa anatuchapa na sisi."

Walicheka, na hata mimi nilitabasamu kidogo. Nikaomba kuwauliza swali moja. "Nani hapa nyumbani kwake hana vidonge vilivyobaki?"

Hakuna aliyenyoosha mkono. Sisi sote tunavyo, kwenye kopo la majani ya chai au mkebe wa biskuti. Jirani akiumwa mgongo tunampelekea viwili vitatu, kama tunavyopelekeana chumvi. Tunaona ni upendo, na ni upendo kweli. Nikawaambia kwamba ndani ya makopo hayo huenda vimo vile vile vilivyomzika mwanangu, na kwamba vinaweza kumlaza mtoto asiamke. Niko tayari, nikasema, kupita kila nyumba na kuwaonyesha vipi virudishwe hospitali.

"Vile vyenye rangi mbili?" mama mmoja mkulima akauliza kwa wasiwasi. "Maana mimi nilimpa mkwe wangu juzi."

"Niletee nivione, waitu, vya rangi mbili viko vya aina nyingi."

"Hatukuja darasani," mwenyekiti akakata. Hakusema kwa hasira. Alionekana amechoka, na nadhani alinihurumia. "Nenda ukafute maelezo yako. Ukikataa, jina lako na la mume wako yanatoka. Hatutakutukana, hatutakusema. Siku ikifika, hatutakuja tu."

Mwenye duka akalia chini ya kitenge chake. Nilitaka kumshika bega. Nilikuwa nimeshamsikitikia kwa muda mrefu, nikiwa peke yangu, na bado nilitaka aache.

Nilimweleza mume wangu kila kitu. Ana presha, miguu inamvimba, na kwa watu wa umri wetu jambo hili si la mbali. Kwa siku kadhaa aliingia kwenye kibanja, akapunguza majani ya migomba, akaketi karibu na kaburi la kijana, akarudi. Wakati mwingine aliniangalia kama anataka kuniomba nifute. Angeniomba, sijui ningefanya nini.

Asubuhi ya kwenda mahakamani nilimkuta amekaa kitandani na simu, amefungua spika. Alikuwa anaongea Kihaya na kaka yake wa Rubya, huko Muleba.

"Nikifa mtakuja kunichimbia?"

"Unaumwa?"

"Siumwi. Nauliza."

"Barabara yetu imeharibika kwa mvua, lakini tutakuja. Swali gani hili la asubuhi, hata chai sijanywa?"

"Na mke wangu je?"

Nilisikia kuku wakilia upande ule wa pili.

"Na yeye," kaka akasema. "Tutakodi gari. Mmegombana na watu?"

"Nitakueleza." Akakata simu, akainama kutafuta soksi zake. "Vaa viatu, mama. Tutachelewa."

Nje ya chumba cha mahakama mwenye duka alikuwa ameketi benchi moja na mwenyekiti na akina mama wawili wa kikundi. Nikawasalimu. Waliitikia, kwa kuwa hapa kwetu kutoitikia salamu ni aibu, kisha wakageukia ukutani.

Niliapishwa. Nikaulizwa jina, kazi na mahali ninapoishi, nikajibu. Nikaulizwa kama ninamfahamu mshtakiwa. Nikasema ndiyo, ni jirani yangu, na tulikuwa kikundi kimoja cha kuzikana hadi leo asubuhi. Nikaanza kueleza siku niliyokwenda dukani kwake.

Hakimu akaniomba niongeze sauti. Nikaongeza.