Akina mama wa Gatuanyaga walipodai minutes za mkutano wa dunia wa gesi chafu

Wakuu, salamu kutoka Kimbo.

Ndani ya rasimu ambayo nchi zinavutania kwenye mazungumzo ya dunia ya kupunguza gesi chafu, kuna sentensi moja iliyotoka Gatuanyaga, huku nje ya Thika. Ilianzia kwa mama mkwe wangu, ambaye hajawahi kupanda ndege na wala haijamsumbua.

Najua hapa mtu haachwi bila kuulizwa ushahidi. Nilikuwa ndani ya ukumbi wa akina mama mara zote mbili, na kitabu chenyewe cha minutes, yaani kumbukumbu za mikutano, nimekishika. Pale ambapo sikuwepo, nitawaambia nimeambiwa na nani.

Nirudi nyuma.

Mimi ni mtu wa Kakamega, nimeoa Gatuanyaga, na kazi yangu ni ya kuwasha boiler ya mvuke katika kiwanda kimoja Thika. Mama mkwe, tumwite Mama Njoki, ni katibu wa kikundi cha akina mama wafugaji wa mbuzi. Hukutana Alhamisi mchana kwenye ukumbi wa kanisa. Siku hiyo nilikuwa off, nimeenda kuwarekebishia tangi la maji, mgeni akaingia.

Mgeni ni Wairimu, mzaliwa wa Kiganjo, mmoja wa wanaoiwakilisha nchi yetu kwenye hayo mazungumzo. Alitaka maoni ya wakulima kabla ya kusafiri.

Mjue kwamba Gatuanyaga imetoa maoni hadi ikachoka. Mvua ikikosa, mgeni anakuja na fomu. Watu wanasema, wanatia sahihi, wanakunywa soda, mgeni anapotea kwenye vumbi.

Wairimu alikuwa anawasha projector yake, Mama Njoki akainua kalamu.

"Ngoja kidogo, mwanangu. Tusomee minutes kwanza."

"Za kikundi, mama?"

"Za mkutano wenu. Ule uliopita. Nchi zilisema zitafanya nini, na ni gani imefanya?"

Wairimu akaeleza kwa upole. Kila nchi hujipangia yenyewe itapunguza gesi kiasi gani. Baada ya miaka kadhaa inaleta mpango mpya, na huo mpya unatakiwa uwe mkubwa kuliko wa kwanza.

"Na kama haikutimiza wa kwanza?" akauliza Mama Njoki.

"Bado inaleta mpya."

"Haiya! Huyo ni mzee wangu kabisa!" akasema Mama Brayo kutoka nyuma. "Mabati hajaleta, sasa anaahidi gorofa."

Ukumbi ukavunjika kwa kicheko. Mama Njoki hakucheka. Akasema hapo kwao hakuna ajenda mpya kabla ya kumaliza yatokanayo, yaani yale yaliyosalia kutoka mkutano uliopita: nani alipewa kazi gani, na amefika wapi. Maoni hawatatoa. Wairimu akirudi na minutes, watatoa.

Wakuu, hapa ndipo nilianza kumheshimu huyo Wairimu. Angeweza kukasirika. Angeweza kupitisha karatasi ya mahudhurio, apate sahihi zake, aende. Alizima projector, akaketi kwenye benchi pamoja na akina mama, akaomba aelezwe tena hayo yatokanayo yanavyoendeshwa. Aliandika kurasa mbili.

Alipoondoka, mambo yakawa moto.

"Umemfukuza mgeni," mwenyekiti wa kikundi akamwambia Mama Njoki. "Tena mgeni wa serikali."

"Atarudi."

"Asiporudi, hicho kitabu utakiweka hapa mezani. Tutatafuta katibu anayejua kukaribisha watu."

Wakakubaliana hivyo, na Mama Njoki akaiandika mwenyewe kwenye minutes. Amekuwa katibu tangu kikundi kianze.

Miezi ikapita. Kila Alhamisi, kama alivyonisimulia mwenyewe, Mama Brayo akiuliza, "Katibu, mgeni wetu ametua?" Mama Njoki anajibu, "Soma ukurasa uliopita," anaendelea kuandika.

Sasa haya yafuatayo nimeambiwa na Wairimu mwenyewe.

Alipeleka sentensi moja kwenye kundi lake la mazungumzo: kabla nchi haijatangaza ahadi mpya, itamke kwanza mbele ya wengine ahadi ya zamani imefikia wapi. Mjumbe wa nchi moja kubwa akasema hayo ni marudio, kwa sababu ripoti tayari zipo. Kweli zipo, Wairimu hakubisha. Lakini ni nene, na wanaozisoma ni wataalamu wachache. Yeye alitaka mwenye ahadi asimame aseme kwa mdomo wake.

Kule, maneno ambayo hayajakubaliwa huwekwa ndani ya mabano. Hayafutwi, hayapiti. Sentensi yake ikawekwa mabano siku ya kwanza, halafu yule mjumbe akataka ifutwe kabisa. Siku baada ya siku anataka ifutwe, siku baada ya siku Wairimu anakataa. Wajumbe wa visiwa vidogo wakamuunga mkono.

Mwishowe akamfuata yule mjumbe kwenye foleni ya kahawa, akamuuliza: mtaani kwenu mkiwa na mkutano wa wakazi, hamsomi minutes? Jamaa akacheka, akasema husoma. Mabano hakuyaondoa. Ila hakuomba tena sentensi ifutwe.

Kikao cha mwisho nilikitazama kwa simu wakati wa lunch, nimekaa kando ya boiler. Nimewasha moto na moshi wangu unapanda, kwa hivyo msinione malaika. Mwenyekiti wa kikao akasema aya ile bado iko kwenye mabano, inasogezwa hadi mkutano ujao. Githeri yangu ikapoa.

Halafu Alhamisi moja, Wairimu akashuka kwenye boda boda pale kanisani, vumbi hadi kwenye nyusi. Hakuwa na projector. Alikuwa na minutes, kaziandika kwa Kiswahili, kwa mkono. Waliohudhuria. Waliotuma udhuru.

"Na waliokosa bila udhuru?" akauliza Mama Brayo.

"Wapo. Na kuna waliokuwepo lakini hawakuwepo."

"Hao tunawajua!"

Akasoma hadi mwisho, na mabano akayaeleza bila kujipamba. Minutes zikapendekezwa zipitishwe, zikaungwa mkono. Mwenyekiti wa kikundi akasukuma kitabu taratibu upande wa Mama Njoki. "Andika, katibu." Basi.

Siku hiyo maoni yalitoka. Visima, malisho, miti inayokufa ikiwa michanga. Wairimu aliishiwa na karatasi.

Nilichojifunza: nilidhani mazungumzo ya dunia ni ya watu wanaojua Kizungu kigumu. Kumbe sehemu ngumu zaidi ni ile ambayo kila chama cha mtaani hufanya kabla ya chai. Na heshima kwa Wairimu, aliyekubali kuulizwa.

Nyinyi mliowahi kutoa maoni, kuna aliyerudi kuwasomea? Semeni hapa chini.

Wairimu amesafiri tena Jumapili, kwenda kwenye ule mkutano mwingine. Kwenye kitabu, chini ya yatokanayo, Mama Njoki ameandika: "Sentensi yetu. Mhusika: Wairimu." Nafasi ya matokeo iko wazi, na kule kwenye rasimu mabano bado yapo.