Mpira wa Juu Kutoka kwa Mkubwa

Mpira uliopigwa juu unadanganya, na anayedanganyika zaidi ni mtu mwenye haraka. Unapoondoka kwenye gongo unaonekana kama unakuja puani kwako, nawe unakimbia mbele kuupokea. Ukifika hapo unakuta unapita juu ya kichwa chako na kwenda kuanguka nyuma ya mgongo. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni ya kurudi nyuma. Hata kama huna hakika, rudi. Kuja mbele ni rahisi kwa sababu unakuja ukiuona, lakini mpira uliokwisha kukupita utaufukuza kama kuku wa jirani, watu wakicheka.

Hayo nilijifunza nikiwa kijana, mjini Mwanza, kwenye uwanja wa kriketi. Nilikuwa nasoma sekondari, na jioni wenzangu na mimi tulikwenda kuwaokotea mipira Wahindi waliokuwa wakicheza pale. Siku moja mchezaji wao hakutokea, wakaniweka mimi nyuma kabisa, karibu na mawe. Kuanzia hapo nikawa mtu wa mipira ya juu. Kwenye kriketi wanaokaa nyuma hawavai glavu. Unadaka kwa viganja vitupu, na ukikosea, kidole kinalipa. Kidole changu kidogo cha mkono wa kushoto kimepinda mpaka leo. Katika mambo mengi ya maisha nimebahatisha, lakini kudaka najua.

Ndiyo maana nilifurahi mjukuu wangu aliporudi nyumbani kwetu Igoma ameshika glavu kubwa ya ngozi. Mama yake, ambaye ni binti yetu, ni muuguzi Bukoba, na huyu mtoto tumemlea mimi na bibi yake tangu alipoanza darasa la kwanza. Sasa yuko kidato cha pili, katika shule iliyo njia ya kwenda Kisesa, na shule hiyo ilikuwa imeanza softiboli ya wasichana, mchezo wa gongo kama kriketi, ila wao hudaka kwa glavu.

"Shikamoo Babu."

"Marahaba. Hicho kiatu umekitoa wapi?"

"Si kiatu, ni glavu. Ijumaa mwalimu anachagua timu ya kwenda mashindanoni Musoma." Akaiweka juu ya meza. "Mimi nitaachwa."

"Nani kasema?"

"Najua tu. Nadondosha."

Mjukuu wangu si mtu wa kuomba vitu. Viatu vikimbana atavivaa hadi bibi yake aone anachechemea. Lakini jioni ile alisema wazi kwamba anataka kwenda Musoma na wenzake, na kwamba mwalimu alimchukua kwa ajili ya mbio zake, ila mbio bila kudaka hazimsaidii. Nikamwambia alale, kesho tutalimaliza.

Nyuma ya nyumba yetu kuna kiwanja cha mtu ambaye hajaanza kujenga. Hapo ndipo nilipomfundisha, mimi nikiwa na kipande cha ubao na mpira wa tenisi. Nilimwambia asikimbie na mkono ameunyoosha mbele kama mtu anayeomba lifti, kwa kuwa mkono ulionyooka unapunguza mbio. Kimbia kwanza, ufike chini ya mpira, ndipo mikono ipande. Nilimwonyesha kwamba jioni upepo wa ziwani unausukuma mpira kuelekea bara, hivyo asimame nyuma kidogo kuliko anavyodhani. Kama jua liko usoni, glavu inaanza kazi kama ukingo wa kofia: iinue ulifunike jua, uutafute mpira pembeni yake. Mpira udakwe juu ya paji la uso, vidole vikitazama mbinguni, na mkono wa pili uwe karibu kuufunika usitoroke.

Alishika yote. Alirudi nyuma vizuri, akafika mahali penyewe, akainua mikono. Mpira ukagonga ukingo wa glavu na kuanguka. Nikapiga mwingine, ukaanguka. Miguu ilikuwa sahihi kabisa, na hilo likaniudhi zaidi, kwa sababu miguu ndiyo migumu.

"Unaogopa mpira," nikamwambia.

"Siogopi, Babu."

"Mbona mwishoni unaondoa macho?"

Alikwenda kuuokota, akanirudishia, akaenda kusimama nyuma tena uso kaukunja. Tulipoingia ndani bibi yake akaona.

"Mke mwenzangu, huyu mzee wetu kakufanya nini?"

"Anasema naogopa mpira."

"Yeye? Anayetoka hospitalini mbio kwa sababu ya sindano?"

Mtoto alicheka kidogo, mimi nikajifanya nasikiliza redio. Nilikuwa na hakika yangu. Nimeona wavulana wengi wakigeuza uso mpira ukikaribia, na wote walikuwa waoga. Sikuona kwa nini huyu awe tofauti.

Kesho yake alikuja rafiki yake, msichana anayesoma naye. Nikawasikia kiwanjani wakirushiana mipira na kupiga kelele, nikatoka kutazama. Mjukuu wangu alikuwa anadaka kila kitu. Alidaka akirudi kinyumenyume, alidaka kwa mkono mmoja, alidaka huku kipande cha muwa kikiwa mdomoni. Nikachukua ubao wangu haraka haraka kabla bahati haijaondoka, nikapiga mpira wa kawaida tu. Ukaanguka.

Rafiki yake akaangua kicheko. "Babu, hata shuleni ni hivyo hivyo. Tukimpigia sisi anadaka. Akipiga mwalimu, chini."

"Basi anamwogopa mwalimu," nikasema.

"Mwalimu hana hata ukali," akajibu yule rafiki.

Nikaurudisha ubao wangu ndani.

Jibu nililipata wakati wa kula. Siku hiyo tulikuwa na sato, na mimi huwa namwachia mjukuu wangu kichwa cha samaki, anakipenda. Nikaita, akaja, nikamnyooshea sahani. Akakunja magoti, akaleta mikono yote miwili pamoja, viganja juu, na wakati sahani inafika mikononi mwake macho yake yakaenda sakafuni.

Sikuiachia sahani. Nilibaki nimeishika upande wangu, naye kaishika upande wake, anasubiri. Ndivyo alivyokuwa akifanya kiwanjani. Magoti, mikono miwili, na macho kushuka pale kitu kinapofika.

Mimi ndiye niliyemfundisha. Alipokuja kwetu alikuwa mtoto wa mjini, anapokea kwa mkono mmoja huku anakutazama machoni na kukuuliza maswali. Nilikuwa namnyooshea kitu, na asipopokea kama inavyotakiwa nakirudisha kwangu. Pipi, daftari, hata nguo ya sikukuu. Nilikirudisha mpaka akae sawa na kuinamisha macho. Wageni walimsifu sana, nami sifa zile nikazichukua kuwa zangu. Sikuwahi kujiuliza ni kitu gani kingine kinachoondoka pamoja na yale macho.

"Simama," nikamwambia. "Pokea ukiwa unanitazama."

Akamtazama bibi yake.

"Mzee, usimchanganye mtoto," bibi akasema. "Miaka yote hii unataka adabu, leo unataka nini?"

"Nataka adake mpira." Nikamgeukia mjukuu wangu. "Nilisema unaogopa. Nilikosea. Huogopi. Unapokea mpira wa mkubwa kama nilivyokufundisha kupokea sahani."

Alifikiri. Niliona anarudisha kichwani mipira yote iliyoanguka. "Kwa hiyo nikitazama hutarudisha?"

"Sitarudisha. Sahani pokea unavyotaka wewe. Mpira, hata ukitoka kwa mkuu wa mkoa, utazame mpaka ulale ndani ya glavu, na ukishalala endelea kuutazama."

Kulisema lilikuwa jambo moja. Mwili uliofunzwa tangu utotoni hausikii hotuba. Siku zilizobaki kabla ya Ijumaa sikumfundisha miguu tena. Nilimtaka anitazame mimi usoni kabla sijapiga, aendelee kunitazama hadi niseme "haya", ndipo mpira uende juu na macho yake yaufuate kutoka usoni kwangu. Mwanzoni alikuwa anacheka kwa aibu, na mimi pia niliona aibu. Mtu mzima ukitazamwa hivyo na mtoto uliyemlea unajiona umevuliwa kofia. Mipira mingine iliendelea kuanguka.

Aliyetusaidia ni bibi yake. Alitoka jikoni, akajifunga kanga vizuri kiunoni, akaninyang'anya mpira.

"Mke mwenzangu, hebu nitazame. Leo nakufukuza kwangu, mume nabaki naye mwenyewe."

"Mchukue tu, Bibi, anakoroma."

Bibi akautupa mpira juu kwa mkono kama anatupa jiwe la kufukuza kunguru, ukaenda pembeni kabisa. Mjukuu wangu akaufuata akicheka, kichwa juu, akaudaka. Bibi akatupa mwingine kwa matusi mapya. Akaudaka. Mpaka giza lilipoanza kuingia alikuwa anadaka ya bibi yote na yangu mingi.

Ijumaa nilikwenda shuleni kwao, nikakaa juu ya jiwe pembeni mwa uwanja. Mwalimu ni kijana mpole, kweli hana ukali. Akawapanga wasichana nyuma, akaanza kupiga. Mjukuu wangu aliwekwa kushoto. Alimkazia mwalimu macho hadi mwalimu akasita kidogo kabla ya kupiga. Mpira wa kwanza akaudaka. Wa pili jua lilimpata, ukaanguka, nikashika goti langu.

Wa tatu ulipanda sana na kuelekea katikati, kati yake na kapteni wa timu, msichana wa kidato cha nne, wa wale ambao wadogo huwapisha kwenye bomba la maji. Wote wawili wakaanza kukimbia, wote wanatazama juu. Hapo ndipo nilipokumbuka jambo ambalo sikumfundisha. Mpira wa katikati lazima mmoja auite kwa sauti, mwingine aache, la sivyo watagongana vichwa. Nilikuwa nimemwambia kuhusu upepo, jua na vidole, hilo nikalisahau kabisa.

"Wangu! Dada, acha, wangu!"

Kapteni akasimama na kuinama, mikono kichwani. Mjukuu wangu akapita mbele yake, uso juu, akaufunika mpira kwa mkono wa pili na kuendelea kuutazama ndani ya glavu.

"Wewe," mwalimu akaita, "toka kushoto, kaa katikati. Musoma utakaa hapo hapo."

Akahamia katikati. Hakunitazama, alikuwa na kazi. Walipopumzika, kapteni alipita karibu na jiwe langu akienda kunywa maji.

"Shikamoo Babu. Huyu wa kwako ana sauti."

"Marahaba," nikamjibu. "Hata mimi leo ndiyo nimeisikia."