Lengelenge la Mkono wa Kushoto

Kazi yangu relini ilikuwa kushika. Treni ya bara ikiingia asubuhi, napita kandokando ya mabehewa, nyundo mkono wa kulia, na kwa mgongo wa mkono wa kushoto nagusa kila kisanduku cha beringi ya gurudumu. Kiganja cha mtu wa nyundo kina sugu, hakisikii kitu. Kisanduku chenye moto nakitia chaki, behewa linatolewa. Na lazima kitiwe chaki palepale, maana kikishapoa hakuna ajuaye, na jioni behewa linarudi bara na watu ndani, beringi ikakatikia njiani.

Mkono huo ulinipa sifa miaka mingi. Kisha akaletwa mwenzangu mmoja kutoka Kilimanjaro, umri wetu sawa. Yeye alisimama tu kando ya reli, mikono nyuma, treni ikimpita polepole, akanusa.

"La nne kutoka nyuma," anasema.

Naenda nashika: la nne kutoka nyuma. Fundi mkuu alifurahi utadhani amepata mjukuu. Mimi nilimchukia yule bwana pamoja na pua yake.

Wivu ulinifanyisha upuuzi. Nilinunua mafuta ya mkaratusi Kariakoo, nikajifukiza. Nikasimama katikati ya soko nimefumba macho, ati najifunza kutenganisha harufu. Nilichoambulia ni dagaa, na mpagazi mmoja aliyeniuliza kama naumwa.

Halafu ikatoka nafasi moja ya kozi ya kupanda cheo, na fundi mkuu akasema ataamua wiki ileile kati yetu wawili. Kesho yake treni ikaingia, mwenzangu akanusa.

"La pili la daraja la tatu, upande wa jua. Linanuka oili iliyoungua."

Nikaweka mkono. Kisanduku kilikuwa moto wa kuunguza, nami kwa ubishi nikauacha mkono pale, kama vile ningeweza kukipoza. Kisha nikautia mfukoni.

"Jua hilo," nikasema. "Upande huu umepigwa jua tangu Ruvu."

Jua kweli hupasha moto visanduku vya upande mmoja, na wakaguzi wageni wengi wameaibika kwa hilo. Fundi mkuu akamtazama mwenzangu. Nilitaka abishe, nimwaibishe vizuri.

"Basi ni jua," akasema. "Mkono wako naujua, kaka. Pua imenidanganya leo."

Nikaenda nyumbani kula. Mke wangu alinimiminia maji ya kunawa, akaushika mkono wangu. Lengelenge lilikuwa limetuna kama punje ya kunde.

"Umeungua na nini wewe?"

"Jua."

Akacheka. "Jua gani hilo, linachagua mkono mmoja?"

Ugali niliuacha mezani. Nilipofika stesheni abiria walikuwa wameshaanza kupanda, mama mmoja anapitisha mtoto dirishani katika behewa lilelile. Nikagusa kisanduku. Baridi kabisa. Nikakitia chaki, nikapaza sauti watu washuke.

Fundi mkuu akaja, naye akagusa. "Mbona kimepoa? Umejuaje?"

Nikamwonyesha mkono. Aliutazama, akaagiza kisanduku kifunguliwe. Walipokifungua, beringi ilikuwa imelika na kupiga weusi. Behewa likabadilishwa, treni ikachelewa kuondoka, na mwenzangu akaja na kopo la mafuta ya mgando akanipaka mwenyewe.

"Pole, kaka," akasema.

Angenitukana ningeshukuru. Kozi alipewa yeye.

Alirudi akiwa mkubwa wangu. Hata hivyo, kila pua ilipomwambia kitu, aliniita kwanza nishike. Nikisema moto, aliandika moto. Nikisema jua, aliandika jua, wala hakuomba kuuona mkono wangu. Moyo huo niliuonea wivu kuliko pua yake, na bado nauonea.