Chai ya Daisy Bila Sukari

Osewe alipika chai mtaani Lindi tangu ujana wake, na watu walivuka reli kuifuata kwa sababu hakuwa mchoyo wa sukari. Alikuwa na mtoto mmoja, Daisy, aliyerudi kutoka kwa nyanya yake kando ya Ziwa Victoria akitetemeka kwa malaria. Zahanati ilimpa dawa. Osewe akamlaza kwenye benchi nyuma ya jiko, amwangalie huku akiuza.

Dada yake Risper alifika kutoka Kabiro, Kawangware, anakofagia chuo cha uuguzi. Akamkuta akikoroga kikombe cha mtoto.

"Wee Osewe! Unalisha wadudu?" Akampokonya kijiko. "Mwalimu alisema darasani nikisikia. Huyo mdudu wa malaria ana mitokondria, ile injini ya kuchoma chakula kwa hewa, lakini akiwa kwa damu haitegemei kupata nguvu. Anavunja sukari juu juu tu. Ndiyo maana anaila kama mwendawazimu."

Osewe alielewa mara moja. Jiko likikosa hewa hufuka moshi, na chai haichemki. Je, mdudu wa namna hiyo ukimnyima makaa?

"Anazima," Risper akasema.

Aliyoyasema mwalimu yalikuwa kweli. Lakini Risper alikuwa ameondoka na ndoo yake kabla mwalimu hajafika kwenye ubongo, ambao nao huishi kwa sukari hiyo hiyo.

Daisy akanyimwa sukari, uji, hata ndizi.

"Baba, kidogo tu," aliomba, akitazama wateja wakimiminiwa.

"Vumilia, mama. Tunawaua wadudu kwa njaa."

Mteja mmoja, Shiundu, aliangua kicheko. "Buda, mtoto wa mpika chai anakunywa maji ya moto? Kumbe wewe ni mkono birika!"

Osewe alicheka naye. Alijua anachokifanya.

Kesho yake Daisy alitokwa na jasho baridi, akaweweseka, kisha mwili ukakakamaa. Osewe alimbeba mbio hadi hospitali. Muuguzi alimdunga kidole, akatazama kipimo cha sukari, akauliza mtoto amekula nini.

"Sukari hajaonja kabisa, sista," Osewe alijibu haraka, akingoja sifa.

Muuguzi alikimbilia glukosi, akaisukuma mshipani. Daisy hakuamka tena.

Jioni Risper alimsimamisha daktari. "Na wale wadudu?"

"Tulipima damu tena. Dawa ilikuwa imewaua karibu wote."

"Si nilisema wataisha," Risper akamwambia kaka yake, kisha akaziba mdomo kwa mkono.